Ukurasa Wangu Ulifunguka Haraka

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa chini, kiatu cha Hadji Aruna kiko juu ya shingo yangu. Jumapili mama mmoja anayeuza samaki wa chumvi alinisimamisha mbele ya kanisa, akaniuliza kama shingo imepona. Imepona, mama. Lakini siku ile ninayowasimulia, kiatu kilikuwa bado hakijatoka.

Kwa wale wanaoingia leo: mimi ni Muyisa, mtengeneza tovuti, zile ambazo sisi wa Butembo tunaziita site. Sikusoma chuo. Kazi hii nilifundishwa na Zacharie, mwenye cyber ya zamani, kwa maneno tu, huku tukipiga stori. Agence ya Hadji Aruna inaitwa Tuko Njiani. Kamyo zake, yaani malori, zinabeba mizigo kati ya Butembo na Beni, na site yake niliitengeneza mimi.

Jumatatu saa tatu ya asubuhi, jua limetoka na watu wako mashambani, waasi, wale wa porini, walisimamisha kamyo ya Hadji kwenye kona ya mikaratusi. Ilikuwa ile ya bashi ya kijani. Bashi ni turubai la kufunikia mizigo. Msaidizi wa kamyo, Vagheni, mwanaume wa watoto wanne, walimkata kwa panga mbele ya wamama waliokuwa wamekaa juu ya marobota. Shoferi, Issaka, walimfunga mikono wakaingia naye msituni. Kamyo waliichoma.

Issaka ni mtoto wa kaka yake Hadji. Tena ni mume wa dada yangu. Ndiyo maana kiatu kilikuwa kizito vile.

"Muyisa," Hadji akasema kutoka juu, polepole, kama mtu anayeagiza chai, kwa Kiswahili chetu ambacho ndiyo ni njo. "Baliacha kamyo tatu zipite. Tatu. Ya ine njo balisimamisha. Balimuita Issaka kwa jina. Nani alibapatia ile habari?"

Mtu anajibuje na kiatu shingoni?

"Hadji, toa mguu kidogo," Bilali akasema. "Huyu atatufia mbele ya kujibu."

Bilali ni mmoja wa mashoferi wengine wa agence, na pia mkubwa wa wapakiaji. Mkono wake mmoja ni kama paja langu. Akaninyanyua kwa kola, akanisimamisha vizuri, akanitengenezea shati, kisha akanipiga ngumi ya tumbo. Chai yote ya asubuhi ikarudi ikamwagika juu ya viatu vyangu.

"Sasa anaweza kusema," Bilali akasema.

Ilikuwa Jumatano, saa nne. Tulikuwa katika parcelle ya agence, pale kamyo zinapopakia, na matope ya mvua ya jana yalikuwa bado hayajakauka.

"Karatasi ya safari inashikwa na batu bawili," Hadji akasema. "Godelive anaiandika. Weye unaichukua. Mumoja kati yenu aliuzisha Issaka."

Karatasi ile ilikuwa na kila kitu cha wiki: kamyo gani, shoferi gani, inatoka saa ngapi. Godelive, karani, aliiandika kwa kalamu kila Jumamosi, nami nikapita ofisini kuichukua.

Hapo ningesema ukweli, hadithi ingeisha, nanyi mngetafuta kitu kingine cha kusoma. Nilifuta mdomo kwa mkono.

"Mi nachukuaga karatasi, Hadji, naandika mu computer. Kisha naichoma. Weye mwenyewe ulisema nichome."

Ilikuwa kweli tupu. Niliichoma kila Jumamosi kwenye jiko la jirani anayekaanga mandazi. Ambacho sikusema ni kwamba kabla ya kuichoma nilikuwa nimeimwaga yote mbele ya dunia nzima.

Maana Hadji hakuwahi kufungua site yake hata siku moja. Simu yake ni ile ya tochi. Site aliitaka kwa sababu mshindani wake wa Beni alikuwa nayo, basi. Siku ya kwanza alikuja kibandani kwangu Rughenda, upande wa uwanja wa ndege. Kibanda kilikuwa kimejaa, kama kawaida. Kwangu watu hawakatiki, wanakuja kuchaji simu wanakaa mpaka mchana, na mimi napenda hivyo. Hadji akaweka picha mezani. Yeye mwenyewe, kanzu nyeupe, Maka nyuma yake.

"Hii njo utaweka mbele. Ijaze ukurasa yote."

"Hadji, mutu hafungue site ya kamyo juu ya kuangalia sura yako."

Kibanda kizima kikacheka. Hata yeye akacheka.

"Sasa anafungulia nini?"

Nikamwambia kama Zacharie alivyoniambia. Mgeni wa site anaingia na swali moja kichwani. Jibu lake liweke juu kabisa, pale macho yanapoanguka kwanza, usimzungushe kama mgeni anayetafuta choo. Na mgeni wetu ni nani? Ni mama wa Beni anayengoja marobota yake tangu asubuhi. Ni mke wa shoferi. Barabara hii yetu mnaijua. Swali lao ni lile lile siku zote: kamyo yetu ni ipi, imefika wapi, imepita? Picha kubwa ni nzito. Pale réseau, mtandao wa simu, inasuasua, mama atakata tamaa kabla sura ya Hadji haijashuka mpaka kwenye kidevu. Kwa hiyo herufi kubwa, nyeusi juu ya nyeupe, zisomeke hata juani. Abonyeze mara moja aone, asibonyeze mara tano.

"Lakini mimi utaniweka wapi?"

"Chini, Hadji."

"Sawa. Hata chini. Mradi niko."

Nikamweka chini kabisa, mdogo kama stempu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kama ningemwacha ajaze ukurasa na kanzu yake, Vagheni angekuwa anakula leo.

"Mulete ule mwanamuke," Hadji akasema pale parcelle.

Bilali akaingia ofisini, akamtoa Godelive kwa nywele. Kitambaa chake kikabaki mlangoni. Godelive ni mjane, anaimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, na mdomo wake unajulikana kutoka hapa mpaka Vuhovi. Alikuja akitembea kinyumenyume, ameshika mkono wa Bilali kwa mikono yote miwili.

"Bilali, achia nywele," akasema. "Bibi yako njo alizisuka. Zikiharibika utamuambia nini?"

Watu wawili watatu wakacheka. Bilali akampiga kofi. Sikuwahi kusikia kofi kama lile; wapakiaji waliokuwa wamekaa juu ya magunia ya viazi vya Lubero walisimama wote. Godelive akatema damu, akaiangalia, akatema tena, safari hii na jino.

"Uliuzisha Issaka kwa nani?" Hadji akauliza.

"Mimi? Hadji, mimi ni marraine wa mutoto ya Vagheni. Nilimushika ku ubatizo na hii mikono."

"Na hii mikono njo iliandika karatasi. Mukono gani unaandikaga?"

Godelive akaikunja yote miwili kifuani. Bilali akajua mwenyewe, kwa wino. Akamlaza, akaukanyaga mkono wa kulia, akageuza kisigino kama mtu anayezima sigara. Godelive hakulia kwa sauti ya kwaya. Alitoa sauti ndogo, nyembamba, ya mtoto mchanga.

Kisha akainua kichwa kutoka kwenye matope, akanitazama.

"Uliza Muyisa," akasema. "Mi naandika, naye anachukua. Kisha anaipeleka wapi? Muyisa, sema. Weye mwenyewe unajua."

Parcelle nzima ikanigeukia.

Padri nilishamwambia, sasa ninawaambia ninyi. Nilimtazama Godelive, vidole vyake vimelala upande ambao vidole havilali, nikasema:

"Mimi niliichoma."

Alitikisa kichwa kidogo. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Wakati ule mlango wa parcelle ulifunguka na watu wakaanza kuingia. Walikuwa wanatoka matangani kwa Vagheni. Motard wa pikipiki, wamama wa soko, vijana wa mtaa, majani ya kaburi yangali viatuni. Mtu akishasikia kwamba aliyemuuza marehemu amekamatwa, huwezi kumwambia arudi nyumbani kunywa maji. Ndani ya dakika chache niliacha kuona ukuta.

"Njo huyu?"

"Njo huyu. Mama wa kwaya."

"Anaimba mu kanisa na damu ya batu."

Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilimkosa, likapiga bati. Mtu akaleta tairi akiliviringisha, akilisukuma kwa mguu kama anacheza. Mwingine akaleta bidon ya njano. Hakuna aliyeuliza kuna nini ndani yake. Harufu ilitangulia.

Dada yangu aliingia na umati ule. Jina lake la nyumbani ni Kavugho. Alipoolewa na Issaka akawa Aisha, mama yetu akalia wiki mbili, kisha akazoea. Alikuwa amevaa nguo za msiba, macho yamevimba. Alipoona tairi, alisukuma watu, akapiga magoti mbele ya Hadji.

"Baba mudogo, nakuomba. Hapana kumuchoma. Kama njo yeye, njo anajua penye Issaka iko. Akikufa, tutauliza nani?"

"Simama, Aisha."

"Mi sisimame."

Godelive alimtazama kutoka chini. "Wasingya, Kavugho," akasema, asante ya Kinande, ile ya nyumbani kabisa.

Hadji alifikiri. Mimi pia nilikuwa nafikiri, na nilichokuwa nafikiri ni Faraja.

Chini ya ukurasa wangu, chini hata ya picha ya Hadji, niliweka fomu ya maoni. Visanduku vitatu tu: jina, mahali, unasema nini. Zacharie alisema fomu ndefu inachosha mgeni, anakimbia. Na alisema tena: anayekuandikia ni zawadi, msikilize, tengeneza anachoomba, site itakua.

Aliyekuwa wa kwanza kuniandikia alijiita Faraja, wa Beni. *Site yenu ni nzuri, inafunguka mbio. Lakini sisi tunaongojea barabarani hatujui namba za kamyo. Andikeni rangi ya bashi.*

Nilifurahi mno. Nilisoma ujumbe ule mbele ya kibanda kizima, watu wakapiga makofi, na kabla ya chai kupoa rangi ya bashi ilikuwa kwenye ukurasa.

Wiki iliyofuata Faraja akarudi. *Andikeni saa ambayo kamyo inapita kona ya mikaratusi, tujipange.* Nikaandika saa.

Kisha akasema: *Wekeni jina la shoferi na picha, tusimuogope.* Nikampiga Issaka picha mwenyewe. Alikataa mara ya kwanza, akaenda kuvaa shati jipya, akarudi akicheka.

Mara tatu niliulizwa, mara tatu nilijibu vizuri. Zacharie alinifundisha mengi, ila hakunifundisha kujiuliza mgeni ni nani.

"Leta simu zao," Hadji akasema hatimaye. "Zote mbili. Tuangalie banasemaga na nani."

Ya Godelive ilikuwa na namba za kwaya, namba ya parokia na namba ya dukani. Yangu ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri. Bilali akanipa.

"Fungua. Vidole vikitetemeka, nitajua."

Nilibonyeza namba moja moja kwa kidole gumba. Nikafungua. Na papo hapo, katika kiganja changu, simu ikaruka. Ujumbe wa fomu. Kila anayejaza fomu, mimi ninaupata kwenye simu. Niliweka hivyo ili nijibu upesi.

*Faraja, Beni. Shoferi bado anapumua. Usifunge ukurasa. Usibadilishe kitu. Ya kesho, bashi ya buluu, tunaingojea. Mutu yeyote akijua, mume wa dada yako tunamurudisha vipande-vipande.*

Masikio yangu yakaziba. Nikaona midomo ya watu inacheza, sauti haitoki.

Nyie mnaonisoma mmekaa vizuri, mnaweza kuniambia ningefanya nini. Nikionyesha ukurasa, Godelive anapona, Hadji anafunga site, na Issaka anakatwa kama Vagheni. Nikinyamaza, Godelive anaungua pale pale mbele yangu, na kesho asubuhi kamyo ya bashi ya buluu inafika kwenye kona ile, na wamama juu ya mizigo. Shoferi wake nilimwandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: BILALI. Huyo huyo aliyekuwa ananipumulia usoni.

"Iko nini?" Hadji akauliza. "Sura yako imekuwa ya majivu. Nani aliandika?"

Akaninyang'anya simu. Akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu, akaiweka mbali tena.

"Miwani niliacha nyumbani. Bilali."

"Hadji, mi nasomaga namba tu."

"Aisha. Weye ulisoma kwa masista. Soma, batu basikie."

Dada yangu akasimama, akafuta mikono kwenye nguo, akapokea simu.

Nilimwona akisoma. Macho yalienda mpaka mwisho, yakarudi mwanzo, yakaenda mpaka mwisho tena. Nikajua amefika kwenye neno vipande-vipande kwa sababu alishika tumbo. Hamjui, sikuwaambia: ana mimba ya miezi mitano.

Aliinua uso akanitazama. Tulilala kitanda kimoja miaka kumi, mimi na yeye, kichwa na miguu. Najua macho yake yote. Yale sikuyajua.

"Soma, mama," Hadji akasema.

"Imeandikwa..." Akaisogeza simu karibu na kifua. Akaanza tena. "Imeandikwa: Asante mama Godelive. Karatasi ya wiki ingine tunaingojea."

Parcelle ikanguruma. 

"Kavugho," Godelive akasema. Alisema pole tu, kwa mshangao, kama mtu aliyekanyagwa na rafiki kwa bahati mbaya. "Kavugho, ni mimi."

Dada yangu alikuwa ameshageuza uso upande wa ukuta.

Walimvalisha tairi. Lilikwama mabegani, wakalipiga kwa ubao mpaka likashuka na mikono ikabanwa ndani. Bilali akainua bidon akamwaga kuanzia kichwani, taratibu, akifuata mwili, kama mtu anayemwagilia mboga. Godelive akakohoa. Macho hakuweza kuyafungua. Akaanza kuimba, si kwa ushujaa, meno yalikuwa yanagongana. Alikuwa anatafuta kitu cha kufanya na mdomo wake.

"Kiberiti," Bilali akasema. Watu watano wakamnyooshea.

Akawasha kijiti.

Mimi si jasiri. Mmenisoma tangu sehemu ya kwanza, mnajua nilivyokimbia pale kwenye kizuizi cha barabara, mnajua nilivyomwacha Zacharie. Siwezi kuwaeleza miguu ilitoka wapi. Nilijikuta nimemkumbatia Godelive, tairi na yote, shavu langu kwenye nywele zake, petroli inanichoma jicho na mdomo.

"Toka, Muyisa," Bilali akasema. Kijiti kilikuwa kinawaka kati ya vidole vyake.

"Dada yangu anadanganya," nikasema.

"Toka, nakuambia."

"Fungueni site. Kila mutu na simu yake. Tuko Njiani, andikeni hivyo tu, fungueni. Karatasi munatafuta iko pale. Iko pale tangu miezi ine, na mimi njo niliiweka."

 Kisha motard mmoja, mwenye koti jekundu, akatoa simu mfukoni, kwa udadisi tu. Akafuata mwingine. Na mwingine. Mama mmoja akatoa yake kifuani. Nilizihesabu, sijui kwa nini nilizihesabu. Simu ishirini, pamoja na zile zilizopasuka kioo.

Réseau siku ile ilikuwa mbaya. Nikaomba ikatike kabisa. Nikaomba isikatike. Niliomba yote mawili kwa pumzi moja.

Ukurasa wangu ulifunguka haraka. Niliutengeneza hivyo.

Sekunde tatu, na nyuso ishirini zikainama. Walikuwa juani, wakasoma bila kukunja macho, nyeusi juu ya nyeupe. Motard wa koti jekundu akaanza kusoma kwa sauti.

"Jumatatu. Bashi ya kijani. Shoferi, Issaka. Kona ya mikaratusi, saa tatu." Akasogeza kioo karibu. "Na sura yake hii, anacheka." Akapandisha kidole. "Kesho. Bashi ya buluu. Kona ya mikaratusi, saa tatu. Shoferi..."

"Shoferi nani?" Bilali akauliza.

"Weye. Na picha yako."

Kijiti cha pili, alichokiwasha kwa kile cha kwanza, kikamuunguza Bilali kidole. Akakitupa upande, kikalia matopeni, kikafa hatua mbili kutoka pale petroli ilipokuwa imefika. Akaenda akachukua simu ya motard. Kusoma hajui, lakini uso wake anaujua. Aliutazama muda mrefu.

"Njo weye," akaniambia. "Kumbe njo weye."

"Njo mimi."

Ngumi ilikuja, sikuiona. Nilianguka na Godelive juu yangu, tairi likanibana mbavu, teke likafuata, na la pili, na la mtu mwingine. Mdomo wangu ulijaa matope ya petroli. Nilisikia ubavu ukivunjika. Unatoa sauti kama kuni kavu, ila unaisikia kwa ndani.

"Umemuua," dada yangu alikuwa analia juu yetu. "Muyisa, balisema mutu asijue. Umemuua bwana yangu."

Mateke yakasimama. Hadji alikuwa ameinua mkono.

"Aisha," akasema. "Nani alisema mutu asijue? Ile simu imeandikwa nini kwa kweli?"

Aisha alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameishika simu yangu kwa mikono miwili kifuani, na hapo kifuani ikaruka tena.

Akaitazama. Safari hii hakuwa na nguvu ya kutunga. Alisoma yaliyoandikwa, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la pili.

"Faraja, Beni. Muyisa, achia uyo mama. Shati yako yote imelowa petroli, utaungua naye."

Hadji akakunja uso. Bilali akaniangalia mimi, akaangalia shati langu. Godelive, macho yamefungwa, akaacha kuimba. Yeye ndiye alielewa wa kwanza, nadhani, kwa sababu nilisikia mwili wake unakakamaa juu yangu.

Beni ni mbali. Mtu wa Beni hawezi kuona shati langu.

Niligeuza kichwa matopeni. Motard wa koti jekundu. Mama wa simu ya kifuani. Vijana wa matangani. Wapakiaji. Wote wameinamisha nyuso, vidole vingali juu ya vioo, mwanga wa ukurasa wangu umewapiga kidevuni. Wageni ishirini, na mmoja wao alikuwa ametoka kujaza visanduku vitatu.

"Bilali," nikasema, "kiberiti kiko wapi?"

Bilali alijipapasa mfukoni, kisha mfuko mwingine. Aliangalia mikono yake yote miwili.

Nyuma ya kichwa changu, karibu kabisa, mtu akakwaruza kijiti.